Kisanduku Namba 24

Februari 1973, mjini Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, mzee wa miaka 87 aliitwa mbele ya watu kanisani na kukabidhiwa karatasi na jenerali wa jeshi. Mzee huyo, Dorsie Willis, alikuwa amefanya kazi kwa miaka 59 katika duka la kinyozi ndani ya jengo moja la benki mjini humo, akisugua viatu vya wateja. Karatasi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Ilisema aliachishwa jeshi kwa heshima. Jeshi lilikuwa limemwachisha mwaka 1906, akiwa kijana wa miaka 20.

Usiku wa kuamkia Agosti 14 mwaka huo wa 1906, risasi zilirindima katika mitaa ya Brownsville, Texas, mji ulio mpakani na Mexico. Mhudumu wa baa aliuawa na polisi mmoja akajeruhiwa. Lawama ziliwaangukia askari Weusi wa Rejimenti ya 25 ya askari wa miguu, waliokuwa na wiki chache tu tangu wahamishiwe kambi ya hapo. Maofisa wao, ambao walikuwa Wazungu, walisema vijana walikuwa kambini usiku ule. Kila askari alipoulizwa nani alifyatua risasi alijibu kwamba hajui. Rais Theodore Roosevelt akaichukulia kauli hiyo ya kutojua kuwa ni njama ya kufichana, na bila mtu hata mmoja kufikishwa mahakamani, akaamuru askari 167 wafukuzwe bila heshima. Walikuwemo wenye utumishi wa zaidi ya miaka 20. Pensheni ikaenda, ruhusa ya kurudi jeshini ikaenda, hata kazi ya kiraia serikalini ikawa haramu kwao.

Ilichukua miaka 66 kuwasafisha. Mwaka 1970 mwandishi John D. Weaver alitoa kitabu kilichofukua upya ushahidi wa Brownsville. Mbunge Augustus Hawkins wa California akalibeba suala hilo bungeni, na Septemba 1972 jeshi likakubali kwamba adhabu ile haikuwa ya haki. Hati zikabadilishwa kwa wote, ila karibu wote walikuwa wameshazikwa. Willis aliyebaki alilipwa dola 25,000.

Nimeanza na mzee huyu kwa sababu nimekuwa nikisoma, kwa miezi kadhaa sasa, juu ya maombi ya askari wa zamani wa Marekani wanaotaka hati zao za kuachishwa jeshi zipandishwe daraja, na kila nikifikiri nimeelewa, narudi kwake. Hakuomba cheo wala medali. Alichoidai nchi yake ni neno moja katika karatasi, na nchi ilikaa nalo mpaka alipokuwa kikongwe. Leo hii maelfu ya watu huandika ombi la namna hiyo kila mwaka. Baadhi yao ni watoto wetu wa Eldoret, Moshi na Mombasa, nami nitawafikia.

Anayetoka katika jeshi la Marekani hupewa fomu iitwayo DD 214. Ni ukurasa mmoja wenye visanduku vilivyopangwa kwa namba: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, mafunzo, nishani, vita alivyokwenda. Kisanduku namba 24 huandikwa sifa ya utumishi wake. Namba 28 huandikwa sababu ya kuondoka. Mkenya aliyewahi kutafuta kazi anajua uzito wa kile cheti cha polisi cha maadili mema, lakini hicho huombwa upya muda wake ukiisha. DD 214 hutolewa mara moja, na mtu huenda nayo kaburini.

Daraja la juu ni kuachishwa kwa heshima. La pili huitwa la kawaida, yaani kuachishwa "chini ya hali za heshima". La tatu ni la hali zisizo za heshima. Chini yake yako mawili yanayotolewa na mahakama ya kijeshi pekee, la mwenendo mbaya na la aibu. Askari wenyewe hawana haja na majina marefu hayo. Yale ya chini wanayaita karatasi mbaya, na kila aliyekaa kambini anajua maana yake.

Mwenye daraja la juu hufunguliwa milango yote: matibabu, mkopo wa nyumba wenye dhamana ya serikali, na karo ya chuo kwa hadi miezi 36 chini ya sheria ya elimu kwa waliotumikia baada ya Septemba 11, 2001. Mwenye la pili hutibiwa na mkopo wa nyumba anaupata, ila karo hapati. Hapo ndipo wengi hushtuka, maana waliliona neno heshima katika hati wakadhani mambo yako sawa, na kumbe walijiunga na jeshi kwa ajili ya karo hiyo hiyo. Mwenye la tatu hukuta milango karibu yote imefungwa, mpaka Wizara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani ilichunguze upya faili lake na kuamua kama anastahili kuitwa mwanajeshi wa zamani. Waajiri nao wana lao. Ipo nakala fupi ya fomu isiyoonyesha kisanduku namba 24, lakini mwajiri mzoefu huomba ile ndefu, inayojulikana kama nakala ya nne, na anayeleta fupi huwa amekwisha kujisema.

Msomaji ataniuliza: si walikosa? Wengine walikosa kweli, tena makosa mazito, na aliyehukumiwa kwa kumwua mwenzake au kwa kubaka si mtu ninayemwandikia makala haya. Ninaowaandikia hawakuwahi kusimama mbele ya hakimu. Waliondolewa kiutawala, kwa amri ya makamanda wao. Mkojo ulikutwa na bangi. Alichelewa gwaride mara tatu. Alimjibu sajini vibaya, alitoweka kambini wiki mbili, alilewa akapigana. Asiyefikisha miaka sita ya utumishi anaweza kutolewa kwa daraja la pili bila haki ya kusikilizwa na bodi. Anayetishiwa daraja la tatu ana haki hiyo, lakini wengi huiacha wenyewe kwa kutia sahihi, au huomba kuondoka ili kukwepa mahakama ya kijeshi. Fikiria kijana wa miaka 21, hajalala usingizi wa maana kwa mwezi mzima, anawekewa karatasi mezani na kuambiwa: tia sahihi hapa, mwisho wa wiki uko nyumbani. Atatia.

Tena kuna uongo ambao umezunguka kambini vizazi na vizazi, kwamba hati hiyo hujipandisha yenyewe baada ya miezi sita. Haijipandishi. Wapo waliokaa miaka 10 wakiamini wameshasafishwa, wakaja kugundua siku walipougua na kwenda hospitali ya wanajeshi.

Mei 2017 Ofisi ya Uwajibikaji ya serikali ya Marekani, inayolifanyia Bunge ukaguzi, ilitoa hesabu ambayo ilipaswa kuwanyima usingizi makamanda. Kati ya wanajeshi 91,764 walioachishwa kwa utovu wa nidhamu katika miaka ya bajeti ya 2011 hadi 2015, asilimia 62, yaani watu 57,141, walikuwa wamepimwa ndani ya miaka miwili kabla ya kutoka na kukutwa na kiwewe cha vita, jeraha la ubongo, au maradhi mengine yanayoweza kugeuza mwenendo wa mtu. Katika hao, 13,283 walitolewa kwa daraja la tatu.

Nawaomba msome tena sentensi hizo, hasa mahali palipoandikwa kwamba walikuwa wamepimwa. Aliyewapima ni daktari wa jeshi. Ugonjwa uliandikwa katika faili la jeshi, na kosa likaandikwa katika faili la jeshi, na mtu mmoja akaondolewa kwa faili la pili huku la kwanza likiwa kabatini.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kiwewe cha vita, ambacho madaktari hukifupisha kwa herufi PTSD, hakiji na bandeji wala gongo. Kinakuja na kukosa usingizi, na asiyelala huchelewa gwaride. Kinakuja na kushtuka, na anayeshtuka humrushia ngumi aliyemgusa begani kwa nyuma. Kinakuja na kiu ya pombe na bangi kwa mtu anayetafuta saa mbili za kutokumbuka. Kila dalili katika orodha ya daktari ni kosa katika orodha ya sajini. Wanawake jeshini wana habari yao inayofanana na hii: shirika la Human Rights Watch lilichapisha mwaka 2016 ripoti ya walionajisiwa na wanajeshi wenzao, wakalalamika, kisha wakajikuta wametolewa, wengine kisanduku namba 28 kikisema wana kasoro ya nafsi. Mwanamke huyo kila akiomba kazi hukabidhi karatasi inayosema ubovu ni wake.

Askari wa Vietnam ndio walioumia zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa walitoka kabla ugonjwa haujapata jina. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza PTSD katika kitabu chake cha maradhi mwaka 1980. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1975. Takriban watu 260,000 wa enzi ile walirudi uraiani na karatasi mbaya, na hakuna daktari ambaye angeweza kuandika neno lisilokuwepo. Juu ya hayo, fomu zao zilibeba namba za siri za sababu ya kuachishwa. Askari hakuelezwa maana yake, lakini baadhi ya waajiri walikuwa na orodha ya kuzitafsiri. Namba hizo ziliondolewa kwenye nakala za askari mwaka 1974.

Nyuma yao kuna wa Vita Kuu ya Pili. Wakati huo ilikuwepo hati iliyochapwa kwenye karatasi ya buluu, isiyosema heshima wala aibu, ambayo kamanda aliweza kuitoa bila kesi. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 jeshi la nchi kavu lilitoa hati za buluu 48,603. Kati ya hizo 10,806 walipewa Weusi, zaidi ya moja katika kila tano, wakati Weusi hawakufika hata asilimia 7 ya jeshi hilo. Wengine wengi waliozipata ni waliotuhumiwa ushoga. Gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier lilizipigia kelele mwaka 1945, na mwaka 1947 zikakomeshwa. Sheria ile ile ya 1944 iliyowasaidia askari waliorudi kupata nyumba na kuwalipia vyuo ndiyo iliyoanzisha bodi za kupitia upya hati hizi, kwa hiyo tangu mwanzo Bunge lilijua kwamba makamanda watakosea.

Bodi ziko mbili kwa kila jeshi. Ya kwanza ni ya mapitio, wajumbe wasiopungua watatu, na mtu anapaswa kuiandikia ndani ya miaka 15 tangu alipotoka, kwa fomu namba 293. Anaweza kuomba asikilizwe kwa sauti yake mwenyewe. Ya pili ni ya marekebisho ya kumbukumbu, nayo hutumia fomu namba 149. Hiyo ina nguvu zaidi. Muda wake kisheria ni miaka mitatu tangu mtu agundue kosa, lakini bodi inaweza kuusamehe muda huo haki ikidai hivyo, na hapo ndipo wazee wa Vietnam hupitia. Kufungua ombi hakulipiwi. Mtu aweza kuandika mwenyewe, au kusaidiwa na wakili, au na chama cha wanajeshi wa zamani.

Kwa miongo mingi kuandika huko kulikuwa kama kutupa barua baharini. Bodi zilianza na dhana kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kinyume. Athibitishe kwa nini? Kwa faili ambalo yeye hanalo. Mafaili huhifadhiwa St. Louis, Missouri, katika kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, ambako Julai 12, 1973, miezi mitano baada ya Dorsie Willis kupewa karatasi yake kanisani, moto uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Asilimia 80 ya kumbukumbu za askari wa nchi kavu waliotoka kati ya 1912 na 1960 ziliungua. Wapo watu ambao jeshi liliwaandikia ubaya, ushahidi wa wema wao ukaungua, kisha likawaambia walete ushahidi.

Rais Jimmy Carter alijaribu kufungua mlango mwaka 1977 kwa mpango maalumu wa kupitia hati za Vietnam. Maelfu walipandishwa daraja, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuwazuia kupata mafao kwa kupandishwa huko peke yake, mpaka kila mmoja apitiwe tena. Karatasi ikawa nzuri na mfuko ukabaki mtupu.

Aliyeupindua mwelekeo alikuwa mmoja wao. Conley Monk, Mmarekani Mweusi wa Connecticut, alipigana Vietnam katika kikosi cha Marine, akatolewa kwa karatasi mbaya, na miongo baadaye ndipo akakutwa na PTSD. Machi 2014, akisaidiwa na wanafunzi wa kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha Yale, yeye na wenzake waliwashtaki wakuu wa majeshi kwa niaba ya maelfu walionyimwa haki kwa namna hiyo. Mnamo Septemba 3 mwaka huo Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel, ambaye mwenyewe alikuwa sajini wa askari wa miguu Vietnam na kujeruhiwa mara mbili, alitoa waraka unaoziagiza bodi ziyatazame kwa jicho la ukarimu maombi yenye PTSD. Monk alipandishwa daraja mwaka uliofuata. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita.

Agosti 2017 ukafuata waraka mwingine, na huu naupenda zaidi kwa sababu unauliza kama mtu mzima anayemuuliza mwanawe. Je, kulikuwa na hali au tukio linaloweza kueleza kosa hili? Je, lilitokea wakati wa utumishi? Je, kweli linaeleza kosa, au linalipunguza? Je, lina uzito kuliko kosa lenyewe? Maswali ni manne tu, na waraka ukaongeza kwamba neno la askari peke yake laweza kutosha kuonyesha kuwa jambo hilo lilimpata. Ukasema pia kwamba heshima haidai utumishi usio na doa. Hilo la mwisho ningependa libandikwe katika ukuta wa kila kambi.

Hata hivyo bado jambo moja linanichoma. Katika mpango wote huu, anayetakiwa kuanza ni aliyeumia. Yeye ndiye apate habari kwamba bodi ipo, aombe faili St. Louis, amtafute daktari, akumbuke tarehe, aandike siku mbaya kuliko zote za maisha yake katika nafasi iliyoachwa kwenye fomu, kisha angoje miezi, pengine zaidi ya mwaka. Mtu huyu alifundishwa tangu siku ya kwanza kwamba askari halalamiki. Yule aliyeumia zaidi, anayelala chini ya daraja la Los Angeles, ndiye asiyeweza kuandika. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tena jeshi haliwezi kusema kwamba njia nyingine haipo, kwa kuwa limekwisha kuitumia. Kati ya 1994 na Septemba 2011 maelfu ya wanajeshi walitolewa chini ya sera iliyowakataza mashoga kujulikana jeshini. Mnamo mwaka 2024 Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, ilitangaza kwamba imeyapitia yenyewe mafaili ya waliotolewa kwa sera hiyo bila hati ya heshima, bila kungoja ombi la mtu, na zaidi ya 800 wakapandishwa. Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2023, jeshi la nchi kavu lilifuta hukumu za askari Weusi 110 wa Rejimenti ya 24 waliohukumiwa kwa ghasia za Houston za 1917, ambazo ziliwapeleka 19 kwenye kitanzi. Februari 2024, katika makaburi ya kijeshi ya San Antonio, 17 kati yao waliwekewa mawe mapya ya kaburi, yenye cheo na kikosi. Ya zamani yalikuwa na jina na tarehe ya kufa tu. Kama makabati yanaweza kufunguliwa kwa ajili ya waliokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, yanaweza kufunguliwa kwa ajili ya wale 13,283. Majina yao yanajulikana, na maradhi yao yameandikwa na madaktari wa jeshi lenyewe. Nisichokiona ni sababu ya kungoja.

Sasa niwageukie wetu. Jeshi la Marekani limejaa vijana wa Afrika Mashariki kuliko wengi hapa nyumbani wanavyodhani. Aliyeshinda bahati nasibu ya viza na kupata grini kadi anaruhusiwa kujiunga, na wengi hujiunga, kwa mshahara, kwa karo, na kwa uraia unaokuja haraka. Paul Chelimo aliyechukua fedha ya mita 5,000 Rio 2016 alikimbia akiwa askari wa Marekani mzaliwa wa Kenya. Kati ya 2009 na 2016 ulikuwepo mpango uliowaandikisha hata wasio na grini kadi, ilimradi wana taaluma ya tiba au lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwemo katika orodha ya lugha hizo. Zaidi ya watu 10,000 wa mataifa mbalimbali waliingia kwa mlango huo.

Kwa kijana kama huyo kisanduku namba 24 kina jambo la ziada. Uraia wa kijeshi hupewa aliyetumikia kwa heshima, na madaraja mawili ya juu yanatosha. La tatu halitoshi. Isitoshe, aliyepewa uraia kwa njia hiyo anaweza kunyang'anywa akitolewa kwa hali zisizo za heshima kabla hajatimiza miaka mitano ya utumishi mwema. Tuseme kijana wa Kapsabet ameingia akiwa na miaka 20, ameapishwa uraia akiwa na 21, amekwenda Iraq, amerudi hawezi kulala, amevuta bangi, amekutwa. Mwenzake aliyezaliwa Ohio akitia sahihi ile karatasi mezani anapoteza karo na hospitali. Yeye anaweza kupoteza nchi. Mzazi anayemsindikiza mwanawe uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta amwambie hili kabla hajamkumbatia: ukiwekewa karatasi ya kuondoka usitie sahihi siku hiyo, omba wakili wa jeshi, ni haki yako na hulipi.

Kwa ambaye ameshatia sahihi, ombi lenye nguvu halilitukani jeshi wala halikani kosa. Linasema nilikuwa nani kabla, nini kilinipata, nilifanya nini baada yake, na namna jambo moja lilivyozaa lingine. Wajumbe wa bodi hawakuwepo kambini. Wanachoweza kuona ni kile kilichoandikwa, na mara nyingi mwombaji mwenyewe ndiye shahidi mbaya kuliko wote, kwa kuwa kiwewe kimemfutia miezi mizima. Ndiyo maana nyaraka zile zinaruhusu ushahidi wa watu wengine: aliyelala naye chumba kimoja, mke, mchungaji, ndugu. Zinataja kabisa mabadiliko ambayo bodi iyatafute, kama vile kunywa ghafla, kugombana na jamaa, kutumia pesa ovyo, kuporomoka kwa kazi iliyokuwa nzuri.

Mambo hayo mama aliyeko Kapsabet anayajua. Anajua kwamba mwanawe alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada kwa miaka miwili, kisha zikaacha kuja. Anajua mwezi ambao fedha zilianza kuchelewa. Anakumbuka Krismasi aliyorudi nyumbani, alivyokaa nje usiku kucha mgongo ukiwa ukutani, na alivyoruka fataki zilipolipuka kwa jirani. Ayaandike kwa Kiswahili au Kinandi, kwa mkono wake, na tarehe kadiri anavyozikumbuka, kisha mtu amtafsirie kwa Kiingereza na kutia sahihi. Katika kituo cha St. Louis hakuna faili lenye habari hizo.